Regulata Niliyoifungia Kufuli

Jamani, mkimsikia mtu anasema Fundi Athumani alihama Iringa kwa sababu ya baridi, mwacheni aendelee kusema, maana uongo huo niliutunga mwenyewe na umenisitiri miaka mingi. Nilihama kwa aibu. Niliipata mchana kweupe, barazani mtaa wa Mlandege, mbele ya watu waliotoka sokoni na watu waliokuwa wanakwenda sokoni, na mbele ya mzee niliyetaka awe mkwe wangu, na chanzo chake ni kitu kidogo cha kushika kiganjani, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza mwendo wa mota ambacho mafundi wanakiita regulata. Hakikuwa kibovu, wala sikukiharibu. Nilikichagua tu.

Hiyo ni miaka ya hamsini, mwanzoni mwanzoni hivi. Nilikuwa nashona kwenye baraza ya Mhindi mmoja muuza vitambaa, na barazani hapo tulikuwa mafundi wawili, mimi upande wa mlango na Fundi Rajabu upande wa nguzo. Rajabu alikuwa mtu wa maneno machache, mkubwa kwangu kidogo, amefiwa na mke. Alikwenda Burma na jeshi, huko akashona mahema kwa cherehani za umeme, akarudi na vidole vyote kumi (jambo ambalo sikulipenda tangu mwanzo, wenzake wamerudi vilema, yeye amepita wapi?). Akiniazima uzi nilimshukuru, kisha akigeuka nauvuta kuona kama haujaoza. Akiniletea chai nilingoja kwanza yeye anywe. Msicheke, kila mtu ana maradhi yake, na ya kwangu yalikuwa kudhani kwamba mtu hawezi kunitendea jema bila kuwa na lake moyoni.

Maradhi hayo yalizidi nilipopeleka posa. Nilimtaka Zubeda, binti wa Mzee Sefu, yule mzee wa shali nyeupe aliyekuwa akiuza mchele wa Usangu pale karibu na msikiti, na nilimtaka kweli, si kwa maneno, mpaka nilikuwa nikisikia sauti yake ukutani kwao napoteza mshono. Shangazi yangu Mwanahawa alikwenda kutusemea, akajibiwa vizuri tu, subirini, tunaulizia. Ndiyo desturi, hakuna baba anayemtoa mtoto wake bila kuulizia kwanza tabia ya mwanamume kimyakimya kwa wanaoishi naye. Basi nikasubiri. Na katika kusubiri huko ndipo nikamwona Rajabu, baada ya sala ya alasiri, anapiga hodi kwa Mzee Sefu. Nikasema labda ananunua mchele. Siku nyingine nikamwona tena, na mara hii anatoka na mzee anamsindikiza mpaka nje, wanaongea kwa sauti ya chini, na Rajabu ameshika kifurushi. Nikajisemea aha, mjane wa kiume, anapewa mchele nyumbani kwa mchumba wangu, na kesho yake anakaa karibu yangu ananiuliza nimeamkaje.

Sikumwambia mtu neno. Nikaamua kumshinda kwa maendeleo.

Goti langu la kulia lilikuwa linaniuma kila baridi ikikaza, na mnaijua baridi ya Iringa, unakanyaga cherehani asubuhi mguu kama si wako. Nikasikia kwamba Mbeya kuna fundi wa magari, Mwakyoma, aliyenunua vyuma chakavu vilivyotoka machimbo ya Chunya, na kati yake zimo mota ndogo za kuendeshwa kwa betri ya gari. Nikaona picha yote kichwani: cherehani inashona yenyewe, Mzee Sefu anapita, anasimama, anasema huyu kijana ametuzidi wote. Nikamuaga Mhindi kwamba nakwenda kumwona mgonjwa. Lakini jana yake nilikuwa nimepima chini ya meza yangu kwa futi, na Rajabu aliniona (aliona kila kitu huyu mtu, ndiyo maana nilimwogopa).

Jioni tunafunika mashine akaniambia, "Athumani, kama ni mota unaifuata, regulata chukua ya kukanyaga. Ya mkono usichukue. Cherehani inataka mikono miwili."

"Nakwenda kumwona mgonjwa," nikasema.

"Haya. Mpe pole mgonjwa."

Njia nzima mpaka Mbeya, basi linatimua vumbi, mimi nawaza neno lile moja. Kwa nini aniambie? Mtu anayetaka mke ninayemtaka mimi, anipe ushauri wa kunifaa? Tulipofika nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba regulata ya kukanyaga ina kasoro, tena kubwa, ila sijaijua tu.

Mwakyoma alinipokea vizuri, karakana yake ina giza na harufu ya grisi, akanionyesha mota, akaiunga kwenye betri, ikalia vizuri kabisa. Kisha akaweka regulata mbili juu ya benchi. Moja ilikuwa ya kukanyaga, chuma kizito cheusi, kibaya, kina springi ndani, ukikibonyeza mota inakwenda na ukiachia kinarudi chenyewe na mota inasimama. Nyingine ilikuwa ya mkono. Hiyo, jamani, ilikuwa nzuri. Wenzo wa shaba unaong'aa, unausukuma juu ya vituo, kituo cha kwanza polepole, cha pili wastani, cha tatu mbio, na popote ulipouweka unakaa hapohapo hata ukiondoka ukalale.

"Unaendeshea nini, baba?" akaniuliza.

"Kazi zangu."

"Kazi zipo nyingi. Feni? Pampu?"

Nikaona nikizidi kuficha ataniuzia kisichofaa, nikamwambia ni cherehani. Pale pale akasukuma ile nyeusi mbele yangu. "Basi chukua hii. Ukitoa mguu inalala yenyewe. Hii ya mkono ni ya kitu unachokiwasha ukakiacha. Cherehani huiachi, fundi. Mikono yote ipo kwenye kitambaa, nani atakuzimia?"

Hebu jiwekeni katika nafasi yangu. Mtu wa Iringa ananiambia chukua ya kukanyaga. Mtu wa Mbeya, asiyejua hata jina la mtaa wangu, ananiambia chukua ya kukanyaga, na karibu kwa maneno yaleyale. Wamekutana wapi hawa? Mwenye akili timamu angesema wawili wameafikiana kwa kuwa jambo lenyewe ni kweli. Mimi nikamkumbuka dereva wa basi, kwamba asubuhi alisalimiana na Rajabu pale Mlandege, na nikamaliza hesabu yangu: ujumbe umetumwa.

"Bei zake?" nikauliza.

"Bei moja."

"Kama bei moja, kwa nini unanisukumia hii?"

Mwakyoma akafuta mikono. "Chukua uipendayo, baba. Ndaga." (Ndiyo asante ya Kinyakyusa, ila siku ile niliisikia kama mtu anayefunga mlango.) Nikachukua ya shaba, nikaifunga katika shuka langu, nikarudi Iringa nimeipakata.

Siku za mwanzo ilinipa raha. Mota nikaifunga chini ya meza, mkanda wa ngozi mpaka kwenye gurudumu la cherehani, betri na regulata nikaviweka pamoja ndani ya sanduku la mbao kushoto kwangu. Mkono wa kushoto kwenye wenzo, wa kulia kwenye kitambaa, natumia kituo cha kwanza tu, polepole, mshono umenyooka. Kweli kazi za kuhitaji mikono miwili zilinitesa, lakini nani akiri hilo? Watu walikuja kutazama, na akinamama wakisubiri nguo zao walinisifu.

Shida ikawa ni Rajabu. Alikuwa akitazama. Anashona kidogo, anainua kichwa, anatazama sanduku. Siku moja akasema, "Hiyo ya mkono, Athumani, angalau ifunge karibu na goti, uweze kuizima kwa goti." Nikaona sasa amenifikia, anataka niitoe sandukuni aione ilivyounganishwa, au ailegeze waya nikiwa msikitini. Nikaenda kununua kufuli.

Tena nikabuni mtindo wangu. Nafungua sanduku, naweka wenzo kituo cha pili, nafunga kifuniko, napiga kufuli, ufunguo natia mfuko wa kulia wa kanzu. Mota inabaki inazunguka. Nikitaka cherehani isimame nalishika gurudumu kwa kiganja cha kulia, mkanda unateleza, mashine inatulia. Nikiachia, inakwenda. Nilijiona mjanja kupita wote, na ndiyo, nakubali, mtu yeyote anayenisikiliza hapa ameshaona mahali nilipojichimbia shimo.

Ikaja siku yenyewe, karibu na Idi Kubwa. Asubuhi nilikuwa nimetoa betri gereji, imechajiwa mpaka imejaa. Mchana hivi nikamwona Mzee Sefu anakuja, shali shingoni, kofia ya kiua, kitambaa cheupe kipya kwapani. Hakwenda dukani. Alikuja moja kwa moja kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu Athumani, nimekuja unishonee kanzu ya Idi. Nitakaa hapahapa, niione kazi yako."

Baba wa msichana hapeleki kanzu yake kwa mposaji halafu akakaa kuitazama inashonwa kama jibu ni hapana. Watu waliokuwa barazani nao wakaelewa, wakaanza kusogea. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihehe kutoka Igowole, ameleta viazi sokoni, anasubiri nimshonee gauni la mtoto, naye akasogeza kiti chake mbele. Hata Mhindi alitoka mlangoni. Rajabu tu ndiye aliyeinamia kazi yake, na hilo nalo nikalitilia shaka.

Nilikata kitambaa, nikaunga mabega, nikafungua sanduku nikiwa nimelikinga kwa mgongo ili Rajabu asione, kituo cha pili, kufuli, ufunguo mfukoni. Na hapo nikasikia mota inalia sauti nisiyoizoea, kali, kwa sababu betri ilikuwa imejaa, na kituo cha pili cha siku ile kilikuwa kama cha tatu cha siku nyingine. Ningeweza kufungua nipunguze. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na mtu anayefungua na kufunga sanduku anaonekana hajui kazi, basi nikaliachia gurudumu.

Mshono wa ubavu ulikwenda kama mshale, watu wakaguna kwa kupendezwa. Nikalishika gurudumu, nikageuza kitambaa, nikaliachia tena. Mzee Sefu, maskini, alipendezwa kuliko wote. Akainuka, akainama juu ya meza aone sindano kwa karibu, na ncha ya shali yake ikateleza ikaangukia juu ya kitambaa, mbele kabisa ya sindano.

Niliiona, nikalishika gurudumu. Nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya, nikatoa mkono wa kulia kwenye gurudumu niiondoe shali. Gurudumu halikuwa na wa kulishika, mashine ikakimbia, ikaikamata shali, na mkono wangu ulipofika ikaukamata na mkono wa kanzu yangu, ule upana wake wote, ikatushona pamoja: kanzu ya mzee, shali ya mzee, na mimi. Kila nikivuta naongeza. Shali ilikuwa imezunguka shingo yake, kwa hiyo kadiri inavyoingia ndivyo kichwa chake kinavyoshuka, kofia ikadondoka, kipara cha Mzee Sefu ambacho Iringa nzima haikuwahi kukiona kikawa kinang'aa pale kwenye jua, na mimi mkono wa kushoto nimeing'ang'ania shali isimkabe. Ufunguo ulikuwa mfuko wa kulia. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonwa.

Nikamwona Rajabu amesimama. Ameshika mkasi mkubwa, ule wa kukatia mahema, anakuja kwa haraka na macho yake yako chini ya meza yangu.

Nawaambia ninyi mlio hapa, haikunijia hata kidogo kwamba anakuja kukata mkanda. Niliona mtu anakuja na mkasi kwenye kanzu ya baba wa Zubeda, siku ya jibu langu, na yote niliyoyabana moyoni tangu siku ya kifurushi yakanitoka kwa sauti moja.

"Mwizi huyo, mshikeni! Anataka kuniharibia! Anamtaka Zubeda wangu!"

Sasa mnajua neno mwizi linavyofanya kazi karibu na soko. Vijana wawili wa kupakia mizigo hawakuuliza kitu, walimrukia Rajabu wakamkamata mikono, mkasi ukaanguka, yeye anasema "Mkanda, kateni mkanda," nao wanamwambia nyamaza. Mashine inaendelea kushona. Pua ya Mzee Sefu ilikuwa imekaribia kugusa bati la cherehani wakati yule mama wa Igowole alipoinuka, akapita katikati ya wanaume wote wale, akashika waya zilizotoka kwenye sanduku na kuzing'oa kama mtu anayeng'oa viazi.

Mota ikalala.

Mzee Sefu hakuinuka, hakuweza, tulikuwa nguo moja. Akasema akiwa ameinama vilevile, "Mwachieni huyo bwana." Wakamwachia. Rajabu akaokota mkasi, akauweka mezani mahali ninapouona, akaanza kufumua shali kwa wembe, uzi mmoja mmoja, bila kuichana shali yenyewe. Kazi hiyo ilichukua muda, na muda wote huo vichwa vyetu vitatu vilikuwa karibu sana. Alipomfungua, mzee akajinyoosha, akaivaa kofia yake polepole, akakaa kitini. Mimi nilikuwa bado nimeshonwa.

"Athumani. Umelitaja jina la binti yangu barazani."

"Nisamehe, baba."

"Hilo nitalisamehe, ulikuwa umechanganyikiwa. Lakini umesema huyu ni mwizi." Akamwonyesha Rajabu kwa kidevu. "Mimi nilimwita huyu nyumbani kwangu kumuuliza habari zako, kwa kuwa ndiye anayekaa nawe mchana kutwa. Nilimwita zaidi ya mara moja, maana sina binti mwingine. Akaniambia wewe ni mwaminifu, kitambaa cha mtu hukidhulumu hata kipande, ila una wasiwasi, na wasiwasi wenyewe utapoa ukipata mtu wa kukutuliza. Leo nimetoka nyumbani nimeshakubali. Sasa wewe mwenyewe unawaambia watu kwamba shahidi wako ni mwizi. Nikikuamini wewe, basi mema yote aliyoyasema juu yako siwezi kuyachukua. Nikimwamini yeye, basi wewe umemsingizia mtu aliyekusifu. Niambie mwenyewe, mwanangu, nishike lipi?"

Nilitafuta kwa macho wenzo wangu wa shaba, siuoni, umefungiwa sandukuni ukiwa palepale kituo cha pili nilipouweka.

Mzee aliondoka na kitambaa chake kama kilivyo. Yule mama wa Igowole naye akainua kitambaa cha gauni la mwanawe kutoka kwenye rundo langu, akakikunja. "Kamwene, fundi," akanisalimu kwa Kihehe kwa upole, "hiki nitaleta siku ingine," na akakipeleka kwa Rajabu, hatua chache tu, mbele ya macho yangu. Rajabu aliniuliza kama anaweza kunikata mkono wa kanzu. Nikasema kata. Akakata.

Kifurushi kile, hata msiponiuliza nitawaambia, kilikuwa mchele wa khitima ya marehemu mkewe.

Zubeda aliolewa na muuza chumvi wa Dodoma, na nasikia anaishi vizuri, nami nilikonda. Barazani sikuweza kukaa tena, vijana wakipita walikuwa wakishika shali zao. Nikaamua kuhamia hapa Mbeya, ambako baridi ni ileile, na mnaona bado nipo. Siku ya kuondoka nimekwisha kupandisha cherehani juu ya basi, nikamwona Rajabu anakuja na kitu kizito amekifunga katika gunia. Akanipa. Ilikuwa ile regulata nyeusi ya kukanyaga, alikuwa ameiagiza kwa Mwakyoma kwa mkono wa dereva wa basi (kumbe kweli walikuwa wakifahamiana na dereva).

"Ya kukanyaga," akasema. "Goti lako lipumzike."

Niliipokea. Na mikono yangu hii, bila kunishauri, ikaigeuza chini juu, ikakagua skrubu moja moja, nikaitikisa nisikie kama kuna kilicholegea. Nilipoinua kichwa alikuwa ananitazama. Aliiweka sawa kofia yake, akarudi zake Mlandege.

Ninaitumia mpaka leo, haijawahi kunisumbua. Na nimeapa, mtu akinipa kitu nakipokea kwa mikono miwili na kusema asante, na nikishindwa kabisa kujizuia kukigeuza, basi nangoja aondoke.